Mashine Inauliza Habari za Mkate

Mjukuu wangu Muzammil alimwoa msichana wa Kikamba kutoka Kikoneni, ambako wazazi wake wanalima mahindi na korosho. Jina lake ni Mumbe. Aliposilimu alipewa jina la Sabra, na ndilo lililoandikwa kwenye cheti cha ndoa, lakini mimi humwita Mumbe kwa kuwa mamake alilichagua kabla yetu. Mara nyingine humwita mke mwenzangu, maana Muzammil ni mume wangu tangu alipozaliwa. Ndivyo bibi na wajukuu wanavyotaniana huku kwetu Msambweni. Siku ya kwanza nilipomwita hivyo alitaka kulia. Siku ya pili akaniuliza, "Basi zamu yako ya kumfulia nguo ni lini, Bibi?" Nikajua tutapatana.

Kabla ya harusi, shangazi yake Muzammil, Waridi, alikwenda kumwona. Waridi ana mdomo mwepesi. Akamwuliza, "Kupika wajua, mwanangu?" Mumbe akajibu, "Najua." Hakusema uongo. Muthokoi wake, yale mahindi ya kukobolewa ya Kikamba, ni laini hata mimi nisiye na magego huumaliza. Lakini Waridi alikuwa akiuliza habari za nazi, na Mumbe hakulifahamu hilo mpaka neno lilipokuwa limeshamtoka. Mama mkwe wake, Fauzia, ambaye ni binti yangu wa kwanza, akasema tu, "Inshallah tutaonja Ramadhani."

Katika jamaa yetu, Ramadhani ya kwanza baada ya harusi, bibi harusi hupika futari kwa mikono yake akaipeleka kwa mama mkwe, na mashangazi huja kuonja. Juu ya sinia hapakosekani mkate wa kumimina. Mkate huo ni wa mchele uliosagwa kwa tui, hauna ngano hata chembe, nao hauna huruma na mtu. Hupikwa chini kwanza, kisha sufuria hupinduliwa ikaelekea makaa ili mkate uive juu. Ukipindua mapema, mkate wote huanguka motoni.

Fauzia si mtu mbaya, naomba nieleweke. Ni mtu anayekunja kanga zake pembe kwa pembe, na anapenda dunia nayo ikunjwe hivyo. Kwa mtu wa namna hiyo, neno "najua" likishasemwa haliwezi kurudishwa bila aibu.

Mwezi wa Shaaban nilikwenda Bongwe kuwatembelea, maana ndiko walikopanga nyumba ili wawe karibu na kazi zao. Nilipofika uani nilikutana na harufu ya nazi iliyoungua. Mumbe alikuwa amechutama mbele ya jiko la makaa, sufuria mkononi, na mkate ulikuwa umelala juu ya makaa ukitoa moshi. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye chungu. Ndani ya simu, mwanamume mmoja mwenye aproni nyeupe alikuwa akiutia mkate kwenye jiko la umeme huku akitabasamu.

Mumbe aliponiona akaifunika simu kwa kanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu yuko wapi?"

"Yuko kazini. Karibu. Nilikuwa... nawapikia kuku wa jirani."

"Kuku wana bahati," nikasema, nikaingia ndani kunywa maji.

Sikusema zaidi. Ningeweza kukunja mikono ya gauni langu nikamwonyesha palepale. Lakini ningefanya hivyo, angejua kwamba nimejua kuwa hajui, na kila siku akiniangalia angekiona kile kimkate makaani. Aliyefunika kitu kwa kanga amekuomba usikifunue.

Lakini usingizi haukunijia vizuri. Nilimfikiria akiwa mbele ya sinia, Fauzia upande huu, Waridi upande ule.

Sasa, kulikuwa na video yangu. Salwa, kitinda mimba wa Fauzia, alikuwa ametutengenezea tovuti sisi akina mama wa kikundi cha mapishi. Kila mmoja wetu alipika kitu kimoja, naye akatupiga video kwa simu, mikono tu, kwa kuwa wengi wetu hatupendi sura zetu zitembee ovyo. Jirani yangu Mbodze alipika mchuzi wa papa. Mimi nilipika huo huo mkate wa kumimina, polepole, nikieleza kila kitu. Basi nikajiuliza, ikiwa Mumbe anatafuta kwenye simu, kwa nini apate yule bwana wa aproni asinipate mimi?

Nikamwita Salwa. "Hebu andika hapo, mkate wa kumimina."

Akaandika. Akaja bwana wa aproni. Akaja mwanamke aliyetia unga wa ngano, Mungu amsamehe. Zikaja keki. Tukashuka, tukashuka, mpaka tukawafikia watu wanaouza mashine za kusagia.

"Kwani mimi niko wapi?" nikauliza.

"Upo, Bibi. Lakini mpaka mtu awe na anwani yenyewe ya tovuti. Ukitafuta tu hivi, hatuonekani. Sijui kwa nini."

"Nyumba umejenga, njia hukupasua."

"Basi nimtumie wifi anwani, tumalize mambo. Si ni yeye unayemfikiria?" Salwa hanifichi wala simfichi.

"Umtumie ukimwambia nini?"

Akafikiri. "Kwamba nimesikia mkate wake uliungua."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwako."

"Mimi sikuona kitu. Nimeona kuku."

Salwa akacheka, kisha akakuna kichwa. "Tatizo ni kwamba anayeijua kazi hii ni wifi mwenyewe. Kule hotelini Diani yeye ndiye anayeshughulikia video zao mtandaoni, za vyumba na bahari. Ukitafuta hoteli yao, video hujileta zenyewe."

Nikamtazama mjukuu wangu. Nikaanza kucheka mpaka akaniuliza kama niko salama.

"Mwite," nikasema. "Mwambie Bibi ana shida ya video, na hakuna mwingine wa kumsaidia. Na hiyo ni kweli tupu."

Mumbe alikuja Jumamosi mchana, kompyuta mgongoni, na papai mkononi kwa sababu anajua napenda papai lisiloiva sana. Tukaketi barazani. Salwa akamfungulia tovuti. Mumbe akaitazama kwa muda, kisha akauliza kwa adabu, kama daktari anayemwuliza mgonjwa alikula nini.

"Wifi, video hii ya kwanza inaitwaje?"

"Bismillahi."

"Na ya pili?"

"Bismillahi."

"Na hii ya Mama Mbodze?"

"Zote, wifi. Nilimwuliza kila mmoja, niandike nini juu? Kila mmoja akasema, andika Bismillahi."

"Ungetaka tuseme nini?" nikamwambia. "Kuna mtu anayeanza kazi kwa neno jingine?"

Niliona Mumbe akiuma mdomo wa chini. Alikuwa na haki ya kucheka, na Salwa alikuwa ameshaanza, lakini yeye hakucheka. Akageuza kiti chake akanielekea.

"Bibi, mlifanya vizuri. Ila hii mashine inayotafuta haina pua wala ulimi. Inaweza kupita mbele ya mkate wako isijue ni mkate. Sana sana inasoma maneno tunayoiandikia. Sasa imefika hapa imekuta video nyingi zenye jina moja. Imeona ni kitu kimoja kimerudiwa, ikaenda zake."

"Kwa hivyo tuifute Bismillahi?" Hilo halikunipendeza, nami sikuficha.

"La, tusiifute. Iko mdomoni mwako, mwanzo wa video, kila anayetazama ataisikia. Hapa juu tuandike kilichomo ndani. Hata sinia ukilipeleka kwa mtu, Bismillahi huisema yeye anapokula. Wewe humwambia, huyu ni samaki, hivi ni viazi."

Nikaona ana maneno mazuri, huyu mtoto wa watu. Nikamwambia aendelee.

Kulikuwa na jambo la picha. Kila video ina picha yake ya mbele, ile unayoiona kabla hujaigusa. Salwa, kwa heshima yetu, alikuwa ameweka picha moja kwenye zote: kawa langu jekundu la ukili, lile ninalofunikia chakula.

"Kawa ni zuri," Mumbe akasema. "Lakini tumefunika kila kitu, wifi. Mtu hajui ndani kuna nini, na mashine nayo imeona picha ile ile kila mahali. Tuchukue picha kutoka kila video. Mikono ya Bibi na mkate. Mikono ya Mama Mbodze na papa."

Kisha akasema video zote zilikuwa zimerundikwa kwenye ukurasa mmoja kama vyombo vya harusi, na kwamba kila moja inataka ukurasa wake. Baada ya hapo ataandika kitu kinachoitwa ramani ya tovuti. Nilimwuliza kama ni ramani ya kuchora. Akasema ni ya maneno matupu, watu hawaioni, ni ya mashine peke yake. Inaambiwa: video hii inakaa ukurasa huu, jina lake hili, picha yake hii, urefu wake huu, na maelezo yake ni haya. Mashine ikiipata ramani, haizungukizunguki ikipiga hodi nyumba zisizo zake.

"Maelezo ndiyo kazi," akasema. "Siwezi kuyaandika bila kutazama video yenyewe mwanzo mpaka mwisho."

"Itazame basi," nikamwambia. "Anza na yangu."

Salwa akakumbuka kwamba ana nguo za kuanua. Kamba ya nguo ilikuwa tupu tangu asubuhi.

Mumbe akatazama. Mikono yangu ikaosha mchele, ikasaga, ikamimina. Pete yangu ya fedha ikang'aa kila nilipokoroga. Alipofika mahali pa kupindua sufuria akairudisha nyuma, akatazama tena. Akairudisha tena. Mimi nilikuwa nikimenya papai, macho yangu yakiwa kwenye papai.

"Bibi," akasema polepole, bila kuinua uso. "Hapa mashine itataka kujua... hili ni tui la kwanza au la pili?"

"Mashine inauliza hivyo?"

"Ndiyo. Inapenda maelezo yaliyo kamili."

"Iambie ni la kwanza, zito. La pili litaufanya mkate uwe maji."

Akaandika. Vidole vyake ni vyepesi sana.

"Na sukari? Mashine inauliza inatiwa lini."

"Ukishaumuka. Ikitiwa mapema, na jua hili la kwetu, unga hufurika ukachacha."

"Na..." Akairudisha video nyuma tena. "Mashine inauliza, mtu anajuaje kwamba sasa ni wakati wa kupindua? Kwenye video umepindua tu, hukusema."

Nikaweka kisu chini. Kumbe sikusema! Nimeupika mkate ule maisha yangu yote, na jambo lenyewe linalomshinda mtu nililiruka kama mtu anavyosahau kutaja anavyopumua.

"Iambie hivi. Juu patatoboka vitundu vidogo vidogo. Hivyo visiidanganye, hapo bado. Ingoje mpaka ukingo uachane na sufuria, halafu iguse katikati kwa kidole. Kidole kikitoka kikavu, ipindue. Na makaa yawe machache, yenye majivu juu."

"Na kama mashine ilipindua mapema, mkate ukaanguka?"

"Iambie hata wangu ulianguka. Iambie mamangu aliokota kipande akakipangusa jivu, akala, akasema kimeiva vizuri upande mmoja."

Mumbe alicheka, na machozi yakamtoka kidogo, akajipangusa kwa pembe ya mtandio. Sikumwuliza analilia nini. Nilimpa papai.

Jua lilipopungua alikuwa amemaliza yangu, akaanza ya Mbodze. Alimwita Mbodze kutoka ng'ambo ya ua, akamwuliza naye, kwa niaba ya mashine, papa analowekwa vipi na tui linatiwa lini. Mbodze, ambaye hakuna mtu aliyemwuliza neno kwa miaka, aliongea mpaka akasahau kuku wake nje. Mumbe aliandika kila kitu. Na alimwuliza, "Mama, unapenda uandikwe jina lako, au Mama fulani?" Mbodze akafikiri sana, akasema, "Niandike Mbodze. Papa ni wangu."

Salwa alirudi na kikapu kisicho na nguo, akanisomea maelezo ya video yangu: "Mkate wa kumimina wa Msambweni, kwa mchele na tui zito. Bibi anaonyesha jinsi ya kuupindua juu ya makaa bila kuanguka. Ni kwa anayeanza, na kwa anayeona haya kuuliza."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nikasema, "Hapo mwisho pazuri. Paache."

Mashine haikuja siku ile. Mumbe alisema yeye amepeleka ramani tu, kupita ni hiari ya mashine. Kila Salwa alipokuja nilimwambia aandike, na kila mara alikuja bwana wa aproni. Nilianza kumzoea. Kisha karibu na mwisho wa Shaaban, Salwa akaingia bila hodi, simu juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Alikuwa ameandika "mkate wa kumimina Msambweni", na pale mwanzo kabisa ilikuwapo mikono yangu, pete na vyote, na kando yake dakika za video. Nilijiangalia kama mtu anayemwona nduguye stendi.

Ramadhani ikaingia. Siku ya futari ya Mumbe tulikutana kwa Fauzia. Waridi alikuja mapema akachagua mahali pa kukaa pa kuonea vizuri. Mumbe na Muzammil walifika na sinia, limefunikwa kwa kawa. Uso wa Mumbe ulikuwa wa mtu anayepeleka mtihani wake mwenyewe kusahihishwa. Adhana ikalia, tukafungua kwa tende na maji, wanaume wakaswali, nasi tukaswali, kisha Fauzia akainua kawa.

Samaki, viazi vya nazi, mbaazi, na katikati mkate. Ulikuwa umeumuka, mweupe, na juu una rangi ya asali. Lakini upande mmoja, upande ulioelekea kwa Fauzia, ukingo ulikuwa umeungua, mweusi kama ukucha wa kidole gumba.

Fauzia akauona. Nami nilimwona akiuona. Waridi alikuwa akinyoosha shingo.

Fauzia akachukua kisu. Akakata kwanza pale penye weusi, kipande chembamba, akakitia mdomoni mwake kabla sinia halijazungushwa, akatafuna bila kukunja uso. Kisha akakata vipande vizuri, akampa Waridi cha katikati.

Waridi akaonja. Akaonja tena. "Lo. Mkate huu mimi naujua." Akamtazama Mumbe. "Binti yangu aliye Nakuru kanipigia simu juzi, kaniambia, Mama, nimetafuta mkate wa kumimina kwenye simu nikamwona mama yake Fauzia. Nikamwambia utamjuaje, si wanaonyesha mikono tu? Akasema, kwa ile pete." Akacheka. "Na huu mkate ni wa pete ile ile. Hebu sema, mwanangu, wewe si ulisema wajua? Nani kakufundisha?"

Muzammil akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Hakuna cha mume kusema hapo.

Mumbe akaweka mikono juu ya mapaja. "Ni kazi yangu, Shangazi," akasema. "Video zilikuwa hazionekani. Mimi ndiye niliyeziandikia majina na maelezo ili watu wazipate. Mashine ilitaka kujua kila kitu, ikabidi nimwulize Bibi."

"Mashine ndiyo iliyotaka kujua," Fauzia akasema.

"Ndiyo, Mama."

Fauzia akamtazama Mumbe. Akanitazama mimi. Nikatafuta tende iliyokuwa imepotea kwenye sahani yangu.

"Basi, Waridi," Fauzia akasema, "binti yako aliye Nakuru amempata bibi yetu kwa sababu ya mkwe wangu. Sema asante, ule." Akamsogezea Mumbe sahani yenye kipande kikubwa. "Nawe kula, Mumbe. Umeshinda jikoni na saumu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia Fauzia akimwita kwa jina alilopewa na mamake. Sidhani kama Fauzia mwenyewe alijua amesema nini. Mumbe alijua. Alikula akiwa ameinamisha kichwa, na Muzammil akamwongezea mbaazi ambazo hakuziomba.

Baadaye wengine walipokwenda kuswali tarawehe, nilibaki na Fauzia jikoni. Yeye anaosha, mimi napangusa. Aliosha sahani moja kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Lazima niseme hapa kwamba mchuzi wa papa wa Fauzia, tangu aolewe, tui lake hukatika. Huelea juu mabonge mabonge, naye hulikoroga na kulificha kwa ukwaju, jambo linalozidi kulikata. Mimi hula, nikashukuru, nikaondoka. Hajaniuliza hata siku moja, na sijamwambia.

"Mama," akasema, macho kwenye sahani. "Hiyo mashine ya Mumbe. Ilimwuliza Mbodze lolote kuhusu tui la mchuzi wa papa?"

Nikaendelea kupangusa kikombe. "Iliuliza mengi. Inataka kujua lipi?"

"Linakatika kwa nini."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na miguu yake.

"Wala haikuona haya kuuliza," nikamwambia. "Kwanza, iliambiwa ukwaju usitangulie."